Kazi ya Mafunjo katika Bonde la Namuwongo

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha kupita Kampala, lakini nadhani ni wachache waliofika Namuwongo. Mtu akitoka katikati ya mji kwa upande wa kusini-mashariki, akapita eneo la viwanda, hufika bondeni chini ya mlima wa Muyenga. Juu mlimani ziko nyumba kubwa zenye bustani na kuta. Chini iko reli iendayo Port Bell, na pia mfereji mkubwa wa Nakivubo. Kati ya mlima na mfereji ndipo tukaapo sisi. Nyumba zetu zimesongamana sana, hata mtu akipiga chafya usiku jirani humwitikia. Nimezaliwa huko, na kila likizo hurudi huko.

Nataka kueleza habari za mmea mmoja unaoota bondeni kwetu. Watu huukata, huuchoma moto na kuudharau, nao hufanya kazi usiku na mchana bila mshahara. Mmea huo ni mafunjo. Waganda huuita kitoogo. Baadhi ya wenzangu watasema, "Mafunjo yana habari gani ya kuandikwa gazetini?" Hata mimi zamani ningesema hivyo hivyo. Nitaeleza kwanza kilichonifanya nibadili mawazo.

Mwaka 2020 nilikuwa na miaka kumi na minne. Shule zote za Uganda zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, nasi sote tulikuwa nyumbani. Usiku mmoja mvua kubwa ilinyesha. Kiasi cha saa nane mama alituamsha. Nilipotia mguu chini niliona maji yamefika kwenye vifundo. Tukampandisha mdogo wetu juu ya meza, tukainua gunia la unga na magodoro, tukangojea. Maji yalipanda mpaka magotini, meusi, yenye harufu ya choo. Kulipokucha tulitoka nje tukauona mtaa wetu umekuwa kama kisiwa: maji mbele, maji nyuma, na watu wamekaa juu ya tuta la reli pamoja na vyombo vyao. Mdogo wetu aliugua tumbo siku tisa. Alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu hakupona.

Asubuhi ile alikuwapo mzee mmoja jirani yetu, ambaye alivua samaki miaka mingi katika visiwa vya Ssese kabla ya kuhamia mjini. Nilimsikia akisema, "Kijana wangu, zamani maji haya yalikuwa na mahali pa kulala. Sasa tumelala sisi mahali pake." Sikulielewa neno hilo siku ile. Nililielewa baadaye, tulipofundishwa Jiografia hapa shuleni, nami nikaanza kuuliza maswali.

Kampala ni mji wa vilima, na kila penye vilima pana mabonde. Mvua ikinyesha juu ya udongo wenye majani, sehemu kubwa huzama ardhini. Lakini ikinyesha juu ya mabati, lami na saruji, haina pa kuzama. Hukimbilia bondeni yote kwa mara moja. Mfereji wa Nakivubo hupokea maji ya sehemu kubwa ya katikati ya mji: maji ya masoko, ya maegesho ya magari, ya gereji na ya viwanda. Pamoja na mvua huja uchafu wa vyoo na takataka za kila namna. Maji hayo yote hupita kwetu, kisha huingia katika kinamasi cha Nakivubo, na mwisho hutoka katika Ghuba ya Murchison, ambayo ni sehemu ya Ziwa Victoria.

Sasa msomaji aangalie jambo hili. Katika ghuba hiyo hiyo, kilometa chache tu kutoka mahali kinamasi kinapokwisha, ndipo palipo mitambo ya Gaba inayovuta maji ya kunywa ya Kampala. Maji husafishwa pale, kisha husukumwa kwa mabomba mpaka kwenye matangi makubwa yaliyo juu ya Muyenga. Ndiyo maana mlima ule huitwa Tank Hill. Kutoka huko huteremka tena katika mabomba yetu. Kwa hiyo maji yanayotupita chini yakiwa machafu huweza kuturudia kutoka juu yakiwa safi. Katika mzunguko huo mkubwa, fundi wa kwanza wa kusafisha ni mafunjo. Mitambo ni fundi wa pili.

Mafunjo si mti, wala si nyasi za kawaida. Ni wa jamaa moja na ndago, ambayo kila mkulima anaijua kwa taabu ya kuing'oa. Bua lake lina pembe tatu, ni laini na la kijani, na juu yake kuna shungi kama nywele zilizosimama. Mafunjo yaliyostawi hufika meta nne hata tano. Wamisri wa kale walitengeneza karatasi kwa mabua haya, na wengi husema kwamba hata kisafina alimolazwa mtoto Musa kando ya mto Nili kilifumwa kwa mmea huu. Nasi tunajua ya kuwa Nili hiyo huanzia katika ziwa letu.

Chini ya maji, mashina ya mafunjo hulala na kusukana yakafanya mkeka mnene. Penye nchi kavu mkeka huo hushikamana na udongo. Kuelekea ziwani huelea, na mizizi yake huning'inia majini kama ndevu. Mtu mwepesi aweza kutembea juu yake, ingawa hutikisika kama godoro. Katika umbo hilo ndimo zilimo kazi zake nne.

Kazi ya kwanza ni kupunguza mbio za maji. Maji yaliyoteremka kwa kasi katika mfereji wa saruji yakiingia kati ya mabua elfu na elfu hupoteza nguvu na kutawanyika. Kinamasi huyapokea kama sifongo, halafu huyatoa polepole kwa siku nyingi. Kinamasi kikubwa kina nafasi kubwa ya kuyapokea. Kikijazwa vifusi na kujengwa juu yake, nafasi ile hupungua, na maji hurudi nyuma kutafuta nafasi nyingine. Nafasi aliyoiona usiku ule ni jikoni kwetu.

Kazi ya pili ni kuchuja. Maji yakienda polepole, tope huzama. Katika mizizi huishi vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, navyo hula uchafu na kuugeuza. Mafunjo yenyewe hunyonya nitrojeni na fosforasi, ambazo ni mbolea kwake. Mbolea hizo zikifika ziwani bila kuchujwa hulisha mwani na magugu maji. Ndipo ghuba inapokuwa kijani kama supu ya mboga, na kazi ya Gaba ikawa ngumu na ghali zaidi. Mwaka 1999 Frank Kansiime na Maimuna Nalubega walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya kinamasi hiki hiki cha Nakivubo. Waliona kwamba sehemu zenye mafunjo husafisha maji vizuri kuliko sehemu zenye nyasi nyingine za kinamasini. Lakini liko sharti moja: maji lazima yatawanyike na kuigusa mizizi. Mtu akichimba mtaro katikati ya kinamasi, maji hufuata mtaro huo moja kwa moja mpaka ziwani, na mafunjo yaliyosimama kando hayana la kufanya.

Kazi ya tatu ni kulinda ukingo wa ziwa na kulea samaki. Mawimbi yakipiga ukuta wa mafunjo huvunjika. Nyuma ya ukuta huo, penye maji yaliyotulia, samaki wadogo hupata chakula na maficho. Huko pia huishi kambare, na kamongo, ambaye Waganda humwita mamba, jina linalomshtua kila mgeni atokaye pwani.

Kazi ya nne haionekani kwa macho. Mafunjo yakifa hayaozi upesi, kwa sababu huzama penye maji yasiyo na hewa. Mabaki hujilimbikiza miaka na miaka, yakafunga ndani yake ile hewa ya ukaa ambayo, ikizidi angani, huongeza joto la dunia. Kinamasi kikikaushwa, mabaki hayo hupata hewa, huoza, na hewa ya ukaa hutoka tena.

Hapa yafaa niseme kidogo juu ya mabadiliko ya tabia ya nchi. Wataalamu wa elimu ya hewa hutufundisha kwamba joto likizidi kwa kipimo kimoja cha Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Kwa hiyo mvua inapokuja huweza kuja kwa kishindo kuliko zamani. Mji hauwezi kuizuia mvua. Jambo uwezalo ni kuiandalia mahali pa kupokelewa. Kwa neno hili nilirudi kwa yule mzee wa Ssese nikamwomba anieleze mambo ya visiwani, maana huko ndiko alikojifunza.

Visiwa vya Ssese ni 84, navyo ni wilaya ya Kalangala. Mzee aliniambia, "Mtu wa kisiwani hana pa kukimbilia. Mbele yake maji, nyuma yake kilima au msitu. Saruji huletwa kwa mashua, na bei yake hupanda kila inapopita wimbi. Kwa hiyo ukuta wa mvuvi ni ule unaoota wenyewe." Alieleza kwamba walipotaka kufungua mwalo wa mitumbwi, wazee wenye busara walikata njia nyembamba tu katika mafunjo, inayotosha mtumbwi kupita. Lakini wageni walipokuja kwa wingi kufuata samaki, walifyeka ukingo mzima ili kila mtu apate pa kuegesha, wakajenga vibanda hapo hapo.

Kisha ziwa likajaa. Wasomaji wenye umri mkubwa huenda wamesikia kwa wazee wao habari za mvua za mwaka 1961. Baada ya mvua hizo Ziwa Victoria lilipanda mwaka hata mwaka, mpaka mwezi wa Mei mwaka 1964 kipimo cha Jinja kilipoonyesha meta 13.41. Watu wengi walidhani jambo hilo halitatokea tena. Mwezi wa Mei mwaka 2020 kipimo hicho hicho kilifika meta 13.42. Mialo ilifunikwa, katika nchi kavu na visiwani, na watu wakahama nyumba zao. Mzee alipata habari za jamaa zake waliobaki kule: palipofyekwa, mawimbi yaliingia mpaka mlangoni, palipobaki mafunjo, maji yalipanda pia, lakini yalipanda kwa utulivu, na watu walipata muda wa kuhamisha watoto na nyavu.

Sitaki msomaji afikiri kwamba mafunjo huweza kila kitu. Ziwa likipanda upesi, mikeka inayoelea huweza kukatika na kusafiri na upepo, ikawa visiwa vinavyotembea. Tarehe 14 Aprili mwaka 2020 kisiwa cha namna hiyo kiliingia katika mitambo ya umeme ya Nalubaale huko Jinja, na nchi nzima ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Basi kila mlinzi ana kiasi chake. Hata hivyo hatumfukuzi mlinzi kwa sababu usiku mmoja alishindwa.

Wenzetu wa bahari nao wana mlinzi wao, naye ni mkoko. Watu wa Unguja na Pemba wanajua vizuri kwamba mikoko ikikatwa, maji ya chumvi huingia mashambani na kuharibu mpunga. Kwa hiyo katika vijiji kadhaa watu hupanda mikoko tena kwa mikono yao, mche mmoja mmoja, katika tope. Huko Kenya, kaunti ya Kwale, vijiji vya Gazi na Makongeni tangu mwaka 2013 hutunza hekta 117 za mikoko katika mpango uitwao Mikoko Pamoja. Hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo huhesabiwa na kulipiwa na watu wa mbali, na fedha zake zimesaidia kuleta maji ya bomba na vifaa vya shule. Gazi si kisiwa, lakini somo lake lafaa visiwani na penginepo: watu wale hawakuambiwa kuacha mikoko wakae na njaa. Waliitunza, nayo ikawalipa.

Sisi wa Namuwongo hatukai kisiwani, isipokuwa usiku wa mafuriko. Lakini mambo yetu ni yale yale. Kinamasi chetu kimekatwa sehemu mbili na reli. Sehemu ya chini, iliyo karibu na ziwa, ingali na mafunjo. Sehemu ya juu, iliyo karibu na nyumba zetu, sehemu kubwa yake imegeuka mashamba ya magimbi na miwa, viwanja vya viwanda na nyumba za watu.

Thamani ya kinamasi hiki ilipata kuhesabiwa. Mwaka 1999 Lucy Emerton na wenzake walifanya hesabu ya faida zake zote: kusafisha maji, mazao, samaki, na mabua ya kufumia. Walipata jumla ya kati ya dola za Kimarekani milioni 1 na milioni 1.75 kwa kila mwaka. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ile kazi ya kusafisha maji, yaani gharama ambayo mji ungelazimika kulipa kama kinamasi kisingekuwapo. Tangu hapo mji umejenga mtambo mkubwa wa kusafisha maji machafu huko Bugolobi, na mitambo mipya ya maji ya kunywa imejengwa mbali, huko Katosi katika wilaya ya Mukono, kwa kuwa mji umekua na maji ya ghuba yamezidi kuchafuka. Hayo ni mambo mema na ya lazima. Lakini ni haki kukumbuka ya kwamba sehemu ya kazi hiyo ilikuwa ikifanywa bure.

Sheria pia ipo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 237, yasema kwamba maziwa, mito na vinamasi hushikwa na serikali kwa amana, kwa faida ya wananchi wote. Kanuni za mwaka 2000 zaagiza ukingo wa Ziwa Victoria ulindwe kwa upana wa meta 200. Pamoja na sheria hizo, vinamasi vya Uganda, ambavyo mwaka 1994 vilifunika asilimia 15.6 ya nchi, vilikuwa vimepungua kufika asilimia 8.9 mwaka 2019. Kwa nini? Wengi hujibu upesi, "Kwa sababu ya maskini wanaolima humo." Jibu hilo lina ukweli nusu, nami nataka kusema nusu ya pili, kwa maana yanihusu.

Mama yangu ni mmoja wa wanaolima magimbi katika kinamasi cha Nakivubo. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tatu. Mama alipata kipande ng'ambo ya reli, akang'oa mafunjo kwa panga na jembe, akachimba mtaro wa kuondoa maji, akapanda. Magimbi hayangoji msimu; mtu huvuna wiki hata wiki, akauza sokoni. Mimi nimelima naye. Mtaro ule niliuchimba kwa mikono yangu, nami niliona fahari jinsi maji yalivyokimbia ndani yake.

Likizo moja nilirudi nyumbani na elimu yangu mpya. Jioni nikamweleza mama habari zote nilizoandika hapa: mizizi, vijidudu, mbio za maji, na usiku ule wa mwaka 2020. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, huku akimenya magimbi. Kisha akauliza, "Mwanangu, karo yako imetoka wapi?"

Nikajibu, "Imetoka kinamasini, mama."

Akasema, "Basi usiniambie niache. Niambie nifanyeje."

Nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu. Naona kwamba swali lile ndilo swali la bonde zima. Aliyejaza vifusi ili ajenge ghala ana mahali pengine pa kwenda, na aliyelima magimbi hana. Lakini maji yakirudi, huanza na nyumba ya yule wa magimbi. Mtu anayemwambia aache, bila kumwonyesha chakula kingine, hajasema neno. Na mtu anayemwambia aendelee kama zamani anamdanganya, maana kila funjo linalong'olewa humkaribishia maji mlangoni.

Nilikwenda tena kwa mzee wa Ssese. Tulikaa naye siku mbili tatu tukitazama kipande cha mama, na haya ndiyo tuliyoyaona yafaa.

Kwanza, mafunjo hayana haja ya kung'olewa ili yamfae mtu. Yakikatwa bua juu ya maji, bila kuchomwa moto na bila kuondoa shina, huota tena na kukomaa katika muda usiopita mwaka. Mabua hufumwa mikeka, hutengenezwa vikapu na kuezekea mabanda. Tena yakivunwa huondoa ile mbolea waliyoinyonya majini, kwa hiyo kuvuna kwa kiasi husaidia kazi ya kusafisha.

Pili, mkulima aweza kuacha ukanda wa mafunjo upande wa maji, akalima upande wa nchi kavu. Ukanda huo huzuia tope, na hata magimbi yenyewe hayasombwi na mvua kubwa.

Tatu, mitaro inayokwenda moja kwa moja izibwe kwa udongo, maji yatawanyike. Magimbi hupenda unyevu, hayadhuriki.

Nne, takataka. Mifuko ya plastiki, ambayo sisi Kampala huiita kaveera, na chupa za soda huziba makalvati chini ya reli. Hakuna mafunjo yawezayo kuchuja kaveera. Kazi hii ni ya watu wa bondeni na wa mlimani pia, kwa sababu chupa iliyotupwa mlimani hufika kwetu kabla ya magharibi.

Tano, kila paa la bati mlimani na mjini lingekuwa na tangi la kukingia mvua, maji yanayokimbilia bondeni yangepungua, na mwenye nyumba angepata maji ya kufulia bila kulipa.

Mama alikubali hatua kumi. Yaani, upande wa mfereji aliacha ukanda wa hatua kumi, nasi tukachimbua mashina machache ya mafunjo penye kinamasi kizima tukayapandikiza humo. Mtaro niliouchimba nilikuwa mimi niliyeuziba. Majirani wawili walitucheka. Mmoja wao baadaye aliacha ukanda wake, ingawa alisema ni kwa sababu alitaka mabua ya kuuza. Sikubishana naye.

Najua kwamba hatua kumi za mama yangu haziwezi kuukinga mji wa Kampala. Mvua kubwa ikija kesho, huenda tukaamka tena saa nane ya usiku na maji magotini. Kazi iliyobaki ni ya wengi, na baadhi yao wanasoma ukurasa huu. Wazee wetu mliosoma hapa kabla yetu, wengine wenu mna vyeo katika ofisi za mji na serikali. Huletewa ramani za viwanja na maombi ya kujenga mtie sahihi. Twawaomba, likija ombi la kiwanja kilicho kinamasini, mtembee kwanza mpaka mahali penyewe mpaone kwa macho, msiridhike na ramani. Na mkitaka kuuona mtaa ule utakaopokea maji ya kiwanja hicho, mje Namuwongo. Mama atawapikia magimbi.

Nanyi wanafunzi wenzangu, wengi wenu mnatoka vijijini, wengine mnatoka visiwani Kalangala na Buvuma. Nyumbani kwenu lazima pana mahali watu wanapopaita pori la maji, mahali pa mbu, mahali pasipo faida. Likizo ijayo nendeni mkapatazame mvua inaponyesha. Angalieni maji yanaingia yakiwa na rangi gani, na yanatoka yakiwa na rangi gani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumepewa ukuta ulio tayari, unaoota kila mwaka wenyewe.

Nilipoondoka nyumbani kuja shuleni muhula huu, mafunjo yale tuliyoyapandikiza yalikuwa yamenipita urefu.